Fundo la Bi. Wright: Uhakiki wa Tamthilia ya Trifles na Kazi Zilizozaliwa Nayo

Mara ya kwanza nilipoisoma Trifles, tamthilia ya tendo moja ya mwandishi wa Kimarekani Susan Glaspell, niliimaliza kwa kikao kimoja nikaiweka kando, nikiamini kwamba nimesoma kisa cha upelelezi kilichofumwa vizuri. Niliporudi kuisoma mara ya pili ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimefanya kosa lilelile linalofanywa na wanaume watatu waliomo ndani yake: nilipita jikoni mbiombio, nikiwa na haraka ya kupanda ghorofani kwenye chumba alimouawa mtu. Tangu hapo nimeirudia mara nyingi, nikasoma na hadithi fupi ambayo mwandishi mwenyewe aliitoa katika tamthilia hiyo, nikatazama na filamu iliyokuja miaka zaidi ya sitini baadaye, na kila mara nimejikuta nikiuliza swali moja. Mwanamke anayetuhumiwa kwa mauaji haonekani jukwaani hata mara moja. Je, anayeigeuza kazi hii kuwa hadithi, filamu au opera ana ujasiri wa kumwacha asionekane?

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Katika nyumba ya shamba iliyojitenga, eneo la kati la Marekani, mkulima John Wright amekutwa kitandani amekufa, kamba ikiwa shingoni. Mkewe, aliyelala upande wa pili wa kitanda hichohicho, anasema hakuamka kwa sababu yeye hulala fofofo. Amekwisha kutiwa mahabusu pazia linapofunguka, na wanaoingia jikoni kwake asubuhi hiyo ya baridi kali ni watu watano: mwendesha mashtaka wa kaunti, sherifu Peters, jirani aitwaye Hale ambaye ndiye aliyeigundua maiti, na wake wa hao wawili wa mwisho. Wanaume wanatafuta sababu ya mauaji, kwa kuwa wanajua kwamba juri, yaani kundi la raia wanaoamua kesi, haitamtia mwanamke hatiani bila ya kuonyeshwa chanzo cha hasira. Sherifu anatupa jicho jikoni na kusema kwamba hapa hamna kitu ila vyombo vya jikoni, na Hale anaongeza kwamba wanawake wamezoea kuhangaika na mambo madogo madogo, maneno ambayo ndiyo yaliyoipa tamthilia jina lake. Kisha wanaume wanapanda ngazi. Wanawake wanabaki chini, na kila kitu chenye maana kinatokea pale walipobaki.

Glaspell hakukitoa kisa hiki hewani. Alizaliwa mwaka 1876 katika jimbo la Iowa, na kabla ya kuwa mtunzi wa tamthilia alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Des Moines Daily News. Mwezi Desemba 1900 mkulima mmoja wa Iowa, John Hossack, alipigwa shoka akiwa kitandani, na mkewe Margaret, aliyekuwa amelala kando yake, alisema hakumwona muuaji. Glaspell aliripoti habari za kesi hiyo hadi Margaret Hossack alipotiwa hatiani mwaka 1901. Mahakama ya Juu ya jimbo ilibatilisha hukumu hiyo mwaka uliofuata, na kesi iliposikilizwa upya mwaka 1903 juri ilishindwa kukubaliana, mama huyo akaachiwa. Wajumbe wa juri walikuwa wanaume watupu, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati ule.

Ilichukua miaka kumi na mitano kwa habari hiyo ya gazeti kuiva ikawa tamthilia. Mwaka 1916 Glaspell na mumewe, George Cram Cook, walikuwa pamoja na wasanii wenzao huko Provincetown, mji wa pwani wa Massachusetts, wakiendesha jukwaa dogo ndani ya banda la zamani la gatini. Cook alimtaka mkewe aandike mchezo kwa ajili ya onyesho lililokuwa likikaribia. Glaspell ameeleza baadaye kwamba alikwenda akaketi peke yake kwenye benchi tupu la mbao, akalikazia macho lile jukwaa lisilo na kitu, mpaka jukwaa likageuka kuwa jiko. Nalipenda sana simulizi hilo, kwa kuwa linaeleza kwa nini katika kazi hii jiko lilitangulia na wahusika wakafuata. Tamthilia ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1916, Glaspell mwenyewe akiigiza nafasi ya Bi. Hale na mumewe akiigiza nafasi ya Bwana Hale.

Tazama mabadiliko aliyoyafanya. Shoka limekuwa kamba. Margaret Hossack alikuwa mama wa watoto wengi, lakini Minnie Wright hana mtoto, na nyumba yake imezama bondeni mahali ambapo barabara haionekani. Mwandishi amekipangua kisa cha kweli akaondoa kelele zote za nyumba, mpaka kikabaki kimya kitupu na kiumbe mmoja tu anayeimba ndani yake.

Nguvu ya tamthilia imo katika vitu, na msomaji asipovitazama kwa karibu hana alichosoma. Meza imefutwa nusu, nusu nyingine ikaachwa na uchafu wake. Mkate umeachwa nje ya sanduku lake, kana kwamba aliyekuwa akiushika aliitwa ghafla. Chupa za matunda yaliyohifadhiwa zimepasuka kwa baridi baada ya moto wa jiko kuzimika, na tunaambiwa kwamba hofu hiyo ya chupa ndiyo iliyokuwa ikimsumbua Bi. Wright huko mahabusu. Wanaume wanacheka, wakishangaa kwamba mtu anayekabiliwa na kesi ya mauaji anahangaikia matunda yake. Bi. Hale hacheki. Anaijua jasho ya siku za kiangazi mtu anapopika cheri juu ya jiko la moto, na anajua kwamba ile chupa moja iliyosalimika ndiyo mabaki ya kazi ya mwaka mzima. Mwendesha mashtaka ananawa mikono, anavuta taulo, anaikuta chafu, na papo hapo anatoa hukumu kwamba mwenye nyumba hakuwa hodari wa usafi. Bi. Hale anamjibu kwa upole wenye makali kwamba mikono ya wanaume nayo si safi siku zote. Hapo, katika taulo tu, tumekwisha kuoneshwa namna mbili za kusoma ushahidi.

Halafu unakuja mfarishi wa viraka. Wanawake wanakuta vipande ambavyo Minnie alikuwa akivishona, na wanaanza kujadiliana kama alikusudia kuushona wote kwa mishono ya karibukaribu au kuufunga kwa mafundo tu. Wanaume wanaposhuka ngazi wanayasikia mazungumzo hayo na wanacheka tena. Lakini Bi. Hale ameona kwamba mishono yote ni mizuri na iliyonyooka isipokuwa kipande kimoja cha mwisho, ambacho kimeshonwa ovyo, kama mtu aliyekuwa hajui sindano inakokwenda. Anachofanya ni kuufumua mshono huo na kuushona upya. Hasemi kwamba anaharibu ushahidi. Anasema tu kwamba mshono mbaya humkera. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, na bado sijaamua kama Bi. Hale mwenyewe, wakati huo, anajua anachokifanya. Nadhani mikono yake inajua kabla yake.

Ugunduzi mkubwa ni wa tundu la ndege lenye mlango uliovunjwa, kisha wa ndege mwenyewe, chiriku, aliyefungwa kwa kitambaa cha hariri ndani ya kisanduku kizuri, shingo yake ikiwa imenyongwa. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida asiyoitazamia. Sisi humwambia mtu mwenye maneno mengi kwamba anasema kama chiriku, na Minnie Foster, kabla ya kuolewa akawa Bi. Wright, alikuwa msichana wa utepe wa buluu na gauni jeupe aliyeimba katika kwaya. Bi. Hale anasema wazi kwamba Minnie alifanana na ndege. Miaka ya ndoa na mwanamume asiyelewa, anayetimiza ahadi na kulipa madeni yake, lakini ambaye kukaa naye ni kama kupigwa na upepo mbichi unaofika mifupani, ilimnyamazisha. Na siku sauti ya mwisho ndani ya nyumba ile iliponyongwa, sababu ya mauaji ambayo mwendesha mashtaka anaitafuta ghorofani ikawa imelala ndani ya kisanduku cha vifaa vya kushonea.

Mhusika ninayemheshimu zaidi, hata hivyo, ni Bi. Peters, mke wa sherifu. Ni rahisi kumwona kama mwanamke mwoga anayerudiarudia kwamba sheria ni sheria, na waigizaji wengi hushawishika kumfanya hivyo tu. Lakini yeye ndiye anayesafiri mbali zaidi katika nusu saa hii. Anakumbuka jinsi alipokuwa mtoto mvulana mmoja alivyomuua paka wake kwa kishoka mbele ya macho yake, na jinsi ambavyo, kama asingezuiwa, angemdhuru mvulana huyo. Anakumbuka pia ukimya wa nyumba huko Dakota alipofiwa na mtoto wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka miwili. Haya hayasemwi kama hotuba. Yanamtoka kidogo kidogo, karibu kwa kujinong'oneza. Mwendesha mashtaka anapomtania kwamba mke wa sherifu ameolewa na sheria yenyewe, jibu lake fupi lina uzito ambao mtaniaji hausikii. Wanawake hawa wawili, na hili ndilo ninaloliona kuwa kilele cha ufundi wa Glaspell, hawakubaliani kwa maneno hata mara moja juu ya watakachofanya. Hakuna anayemwambia mwenzake tufiche. Macho yanakutana, basi.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1917, Glaspell aliigeuza tamthilia kuwa hadithi fupi, A Jury of Her Peers, yaani juri ya watu walio sawa naye. Jina hilo lina shabaha iliyo wazi zaidi kuliko la kwanza. Sheria ilimwahidi kila mshtakiwa kwamba atahukumiwa na wenzake, ilhali mwanamke alipelekwa mbele ya wanaume ambao hawakuwahi kuhangaika na jiko lenye bitana iliyovunjika. Mfano huo wa jiko si wangu: katika hadithi Bi. Hale analitazama jiko la Minnie, anaona bitana yake ya ndani imekwisha, na anafikiria ingekuwaje kupigana na jiko kama lile mwaka baada ya mwaka ili mkate uive. Hadithi inaanzia ndani ya jiko la Bi. Hale mwenyewe, anapoitwa ghafla akauacha unga wake nusu umechekechwa na nusu bado. Kwa hiyo anapofika kwa Bi. Wright na kukuta sukari iliyoachwa nusu katika mfuko wake, tayari tunajua kwamba mwanamke haachi kazi nusunusu isipokuwa kuna jambo lililomkatiza. Tamthilia haikuweza kutupa ulinganisho huo, kwa sababu ina jiko moja tu.

Hadithi pia inampa Bi. Hale nafasi ya kusimama kizingitini, akishindwa kuingia katika nyumba ambayo kwa miaka ishirini hakuitembelea ingawa kila mara alijiambia kwamba lazima aende kumwona Minnie. Ninapoisoma sehemu hiyo huona kwamba kesi imehama: anayeshtakiwa sasa ni jirani aliyekuwa na shughuli nyingi. Katika tamthilia hatia hiyo ipo, na Bi. Hale anailia kwa sauti kwamba kutokuja kwake kulikuwa kosa la jinai na nani ataliadhibu; lakini katika hadithi imeenea kama baridi tangu mwanzo. Kilichopotea ni kutojua. Kwa kuwa tunakaa ndani ya mawazo ya Bi. Hale, hatubaki na shaka kubwa juu ya upande atakaouchukua. Jukwaani tunawatazama wanawake wawili kwa nje tu, kama majirani wengine, na mpaka dakika ya mwisho yeyote kati yao anaweza kuita wanaume. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua tamthilia kwa sababu hiyo moja, ingawa ningemshauri msomaji asome vyote viwili, tamthilia kwanza.

Mwaka 1961 hadithi hiyo iliingia katika televisheni ya Marekani kupitia mfululizo wa Alfred Hitchcock Presents. Sina mengi ya kuisifia. Tatizo langu ni fremu yenyewe ya mfululizo ule, ambamo Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu, alitokea mwanzo na mwisho wa kila kipindi kuzungumza na watazamaji kwa mzaha. Mzaha huo ulifaa visa vingi vya mfululizo ule, lakini hapa tuna kisa kinachowahukumu wanaume kwa sababu ya kucheka kwao, na kinachohitaji ukimya mara tu neno la mwisho linapotamkwa. Kukizungushia maneno ya utani ya mwanamume, hata awe bingwa wa kazi yake, ni kukiziba masikio.

Filamu ya Sally Heckel ya mwaka 1980, yenye urefu wa takriban nusu saa, ni jambo jingine kabisa. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu fupi, na kwangu ndiyo kazi iliyo karibu zaidi na roho ya Glaspell kati ya zote zilizofanywa na mikono mingine. Haina haraka. Inawaamini watazamaji wake kwamba wataweza kukaa jikoni na kusubiri. Kamera ina uwezo ambao jukwaa halina, wa kusogea mpaka kwenye ncha ya sindano na kwenye jicho la mtu anayeelewa jambo ambalo asingependa kulielewa, na katika kisa kinachohusu vitu vidogo uwezo huo si wa kupuuzwa. Hata hivyo uwezo huo una gharama. Kamera inapotuonyesha mshono ulioharibika imekwisha kutuambia kwamba mshono huu ni muhimu, ilhali jukwaani meza iliyofutwa nusu imekaa mbele ya hadhira tangu pazia lilipofunguka, na mtazamaji aliyeshindwa kuiona anakuja kugundua kwamba alikuwa akitazama kwa macho ya sherifu. Somo hilo filamu haiwezi kulitoa kwa ukali uleule, hata inapotengenezwa kwa uangalifu kama huu.

Kuhusu opera nitasema machache. Mtunzi John Bilotta ameigeuza Trifles kuwa opera ya tendo moja katika karne hii, na wazo lenyewe lina mtihani wa kuvutia: kisa kinahusu mwanamke aliyenyang'anywa wimbo wake, na katika opera kila mtu anaimba isipokuwa yeye. Kutokuwepo kwake kunapata maana mpya kwa sababu ya aina ya sanaa tu, kabla hata noti moja haijaandikwa.

Upo ugumu mmoja ambao kila anayetaka kuileta kazi hii katika Kiswahili lazima apambane nao, nao ni neno la mwisho. Mwendesha mashtaka, kwa utani, anawauliza wanawake Bi. Wright alikusudia kuumalizaje mfarishi wake, na Bi. Hale anamjibu kwamba wao huuita mtindo huo kufunga fundo. Kwa Kiingereza jibu hilo linagusa mfarishi, linagusa kitanzi cha kamba kilichomuua John Wright, na linasikika pia kama kanusho, kwa kuwa matamshi ya fundo (knot) na ya neno la kukana (not) ni mamoja. Kanusho hilo hatuwezi kulipata. Lakini Kiswahili kinatupa kitu ambacho Glaspell hakuwa nacho, kwani fundo kwetu ni pia kinyongo kilichokaa moyoni kwa muda mrefu bila kutolewa. Mfasiri asihangaike kutafuta mchezo wa maneno wa kufanana na ule wa asili. Aandike fundo, aliache lilivyo, na kabla ya hapo ahakikishe kwamba wahusika wamelitamka neno hilo mara kadhaa wakizungumzia nguo tu, ili litakapokuja mwishoni hadhira ilipokee likiwa limebeba kamba na moyo kwa pamoja.

Kwa vikundi vya maigizo hii ni kazi ya gharama ndogo isiyo na udogo mwingine. Inahitaji waigizaji watano, jiko moja, meza, kiti cha bembea, tundu lililovunjika na kisanduku. Glaspell alifariki mwaka 1948, na matini ya Kiingereza ya tamthilia na ya hadithi yanapatikana bure na kihalali kwenye intaneti, kwa mfano katika maktaba ya Project Gutenberg. Ningeomba mambo mawili tu kwa mwongozaji. La kwanza, wanaume wasifanywe wajinga. Henderson, yule mwendesha mashtaka, ni kijana mwenye akili na adabu, sherifu si mtu mbaya, na Hale ndiye anayetueleza, bila ya kujua uzito wake, kwamba hakudhani matakwa ya mke wa John yalikuwa na maana kubwa kwa John. Wakichezwa kama vichekesho, hadhira itajiona bora kuliko wao, na hapo tamthilia itakuwa imekwisha kabla ya kuanza.

La pili ni mfuko wa koti. Dakika za mwisho Bi. Peters anajaribu kukitia kisanduku katika mkoba wake, lakini ni kikubwa mno. Anakifungua ili amtoe ndege, anashindwa kumgusa. Kitasa kinasikika, na Bi. Hale anakipokonya na kukitia katika mfuko wa koti lake kubwa. Wanaume wanaingia, swali la utani linaulizwa, jibu linatolewa. Maelekezo ya jukwaa yanasema kwamba wakati wa kulitoa jibu hilo mkono wake uko juu ya mfuko. Nimeona waigizaji wakiusahau mkono huo kwa sababu wanalifikiria neno. Usisahaulike, na usitie chumvi. Ukae pale tu, bapa, juu ya kitambaa, kama mtu anayemzuia mtoto asiamke.